Mbavu Zangu na Alhamisi za Bi Dija

Alhamisi, 3 Aprili

Sikukuu imeisha, biriani limeisha, mvua ndiyo inaanza. Naanza daftari hili kwa sababu Mikdad amesema kila anayeanzisha jambo aandike siku kwa siku, ili tukifanikiwa tuwe na cha kuwasimulia watu. Mikdad ana miaka ishirini na sita, anakaa Mapinga, anatengeneza tovuti za kampuni za Dar, na bado anaamini kwamba watu watataka kusimuliwa. Mimi nina miaka arobaini na moja na steshenari ya chumba kimoja hapa Zinga, barabarani. Natoa fotokopi, nachapa barua na mikataba ya watu. Zamani nilikuwa na safu ya vichekesho kwenye jarida moja la mjini. Jarida lilikufa, safu ikafa nalo, na hakuna msomaji hata mmoja aliyeuliza tumeizika wapi.

Tovuti yetu inaitwa Mbavu Zangu. Mtu yeyote wa pwani hii ataandika kichekesho chake, wenzake watakisoma, watakipigia kura, na kilicho bora kitapanda juu. Wazo hilo sikulipata Dar wala kwenye semina. Nililipata chumbani kwa mama.

Mama yangu, Bi Mwanabaraka, alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa nane. Upande wa kulia umelala na mdomo umepinda. Hospitali walisema uso ufanyishwe mazoezi, wakatupa karatasi yenye picha: puliza mashavu, kunja paji, tabasamu. Mama hajapuliza wala hajakunja. Lakini kila Alhamisi Bi Dija anakuja kutoka Bagamoyo mjini kumwona, na Bi Dija ni mtani wake. Baba yake Dija alikuwa mjomba wa mama, kwa hiyo wao ni mabinamu, na kwetu mabinamu hawasalimiani kwa adabu. Leo ameingia bila hodi, amekaa kitandani juu ya miguu ya mgonjwa.

"Bado upo? Nimeshawaahidi watu kitanda hiki."

"Utatangulia wewe," mama akasema. Maneno yake yanatoka nusunusu, sisi tumezoea. "Meno yako yameshatangulia."

"Hebu muone. Macho yamebaki Zinga, mdomo umeshafika Saadani."

Akaupinda na wake vilevile, akaanza kuomba maji kwa sauti ya mama, sauti ileile ya kudeka. Mama alicheka mpaka udenda ukamtoka, na lile shavu lililolala likapanda. Nililiona likipanda. Siku nyingine yoyote ya wiki halipandi, hata nifanye nini.

Jumapili, 6 Aprili

Mikdad ameweka tovuti ya majaribio, akaituma kwenye kundi la ukoo na kundi la niliosoma nao. Watu arobaini na watatu. Tumewaomba maoni kuhusu muonekano kabla hatujafungua rasmi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Umeme hakuna. Sikufungua duka.

Jumanne, 8 Aprili

Maoni yamekuja, na nimeyaandika yote hapa ili nisije nikadhani niliota.

Watu kumi na wanane wameandika "hongereni sana" bila kufungua. Mikdad anaona nani kafungua na nani hajafungua, kwa hiyo hawawezi kutudanganya. Mmoja anasema njano inaumiza macho. Mwingine anasema njano imepoa, tuikoleze. Mwalimu wetu wa zamani ametuhesabia mikato iliyokosekana. Mtu aliye Muscat anasema kitufe cha kutuma kiko juu mno, kidole gumba hakifiki. Huyo angalau alijaribu kutuma. Binti mmoja anauliza kama tunaajiri. Mwingine anasema tuweke picha ya mtu anayecheka, la sivyo wasomaji hawatajua kwamba ni vichekesho. Hilo lilinichoma, kwa sababu vichekesho vyote sita vilivyowekwa vya mfano niliviandika mimi.

Hakuna aliyetuma kichekesho.

Mikdad anafurahi. Anasema hiyo ndiyo kazi, mtu anajenga na watu wake. Amefungua orodha, kila oni na namba yake, na pembeni anaandika "imefanyika", "inafanyika" au "baadaye".

Alhamisi, 10 Aprili

Bi Dija alipomaliza kumtania mama nikampa simu aione tovuti. Akaishika mbali na uso, akasoma kichekesho kimoja kwa sauti, polepole. Hakucheka. Sikumlaumu, hata mimi nilipokisikia kwa sauti yake sikucheka.

"Sasa mimi nikisema kitu humu," akaniuliza, "nitajuaje kama umenuna?"

Nikamwonyesha mahali pa komenti. Msomaji ambaye hakupenda anaandika hapa.

"Aliyenuna haandiki, mwanangu. Aliyenuna ananyamaza. Mimi nikiwa msibani namtazama mwenye kufiwa. Akiinamisha kichwa naacha, nakwenda jikoni kumenya vitunguu. Humu nitamtazama nani?"

Nikampelekea Mikdad oni hilo. Ameliwekea namba kumi na nne na kuliandikia "baadaye". Nami nikaona sawa. Nieleze hapa kwamba nilimpenda Bi Dija kwa maneno yale, nikacheka, na sikuyafikiria tena.

Jumanne, 15 Aprili

Tumefungua rasmi. Njano imekolezwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku ya nne. Vichekesho kumi na kimoja vimeletwa, tisa vimenakiliwa kutoka kwenye simu za watu, kimoja kina matusi, kimoja ni tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Wasomaji wote kwa jumla ni mia na sita, na ishirini kati yao nadhani ni mimi. Mikdad anasema tatizo ni muonekano. Mimi nasema tatizo ni kwamba watu wa kwetu ni wachekeshaji hodari wakiwa wamekaa mkekani, ukiwapa kalamu wanakuwa makarani.

Jumapili, 20 Aprili

Mjomba Bwanausi amefariki jana alfajiri, Mapinga. Tumezika leo baada ya adhuhuri, kati ya mvua mbili.

Mjomba alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa mama yangu. Shamba la ukoo kule Mapinga lilikuwa mkononi mwake, na watu wa mjini walipoanza kutafuta viwanja alilikatakata, akauza. Kila mtu anajua kwamba mjomba aliuza. Wachache wanajua kwamba kiwanja cha chini, kile chenye mkorosho, alikiuza mara mbili. Mimi najua kwa sababu mikataba yote miwili niliichapa mimi dukani kwangu. Wa kwanza mwaka juzi mwezi wa tatu, wa pili miezi saba baadaye. Nilimuuliza, "Mjomba, si ndicho hiki hiki?" Akaniambia nichape.

Leo wanaume walikuwa wanachukua majembe kwenda kuchimba, wanawake tumekaa mikekani uani chini ya turubai, wajane wawili wanalia. Ghafla Bi Dija akatoka ndani amevaa kanzu ya marehemu, kofia yake, na miwani yake iliyofungwa uzi. Mkononi ameshika futi kamba. Na mjomba Bwanausi ni binamu yake kama mama alivyo binamu yake, kwa hiyo ile ilikuwa zamu yake na hapana wa kumzuia. Akaanza kutembea kati yetu kwa mwendo wa mjomba, mguu mmoja unaburutwa, anahesabu hatua.

"Ishirini kwa ishirini. Mama, sogeza goti, umekalia barabara ya mita sita."

Kisha akawageukia wachimbaji. "Nyie vijana mnakwenda wapi? Kwenye mkorosho? Hapana, hapana. Pale pana mtu wa Mbezi nimeshamuuzia. Pembeni yake? Pembeni ni palepale, yupo mwingine. Nichimbieni hapa barabarani. Barabara bado sijaiuza, mteja anakuja Jumatatu."

Uani watu walianguka. Mjane mkubwa alicheka huku machozi yanamtoka, akampiga Dija kwa kanga. Mimi nilicheka kuliko wote, nilijua ukubwa wa jambo lenyewe. Farhan, mtoto wa marehemu, alikuwa ameegemea nguzo ya turubai tangu asubuhi amekauka, hajatoa hata chozi. Dija akaenda kusimama mbele yake. "Na wewe nimekupimia chako. Kipo baharini, maji yakitoka utakiona." Farhan akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akalia kwa mara ya kwanza, na Dija akamshika kichwa akamwacha alie juu ya kanzu ya baba yake. Kofia hakuirudisha mpaka alipoahidiwa kuku.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu miaka yote ya safu yangu sikuwahi kumfanya mtu mmoja acheke akamaliza kwa kulia, na huyu bibi anayeuza vitumbua amelifanya kwa futi kamba.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeandika. "Marehemu Apima Kaburi Lake." Sikuongeza neno. Mjomba nimemwita Mzee B. wa Mapinga. Mikdad akasema Bi Dija atajwe kwa jina kamili, watu wanapenda mtu wa kweli. Nami nikaona ndiyo haki, kazi ni yake, nisijivishe mimi. Nikaandika chini: imesemwa na Bi Dija wa Bagamoyo, mtani wa marehemu.

Sikumuuliza. Nataka Alhamisi nimsomee yeye na mama, nimshangaze.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimewasomea. Mama alicheka nusu ya kwanza, kisha akaanza kumtazama Dija, akaacha.

"Farhan amesoma hii?" Dija akaniuliza.

"Wameisoma watu elfu nne, Bi Dija. Kwa siku mbili. Jina lako limefika mpaka Mombasa."

"Nimekuuliza Farhan."

Nikasema sijui. Akavaa buibui lake, akamwambia mama, "Usife kabla sijarudi, nitakosa nafasi ya kuimba," akaondoka. Chai aliiacha imejaa.

Jumatatu, 28 Aprili

Elfu kumi na tisa. Watu wanaandika. Si kunakili, wanaandika vyao, vya misiba ya kwao, Tanga, Mafia, Kilwa. Na maoni ya muonekano sasa yanatoka kwa watu nisiowajua: kitufe cha kusambaza kiwe kikubwa, jina la msimulizi liwe juu, si chini. Mikdad amefanya yote kwa usiku mmoja. Jina la Bi Dija sasa liko juu kwa herufi nene.

Nina furaha. Naiandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka nikumbuke kwamba siku hii nilikuwa nayo.

Jumanne, 29 Aprili

Mtu aliingia dukani, makamo, viatu vina tope jekundu. Alitaka kuchapishiwa kitu kilicho kwenye simu yake. Nikafungua, kumbe ni "Marehemu Apima Kaburi Lake". Kurasa mbili. Nilijiona kichwa kinagusa bati. Nikamwambia mwandishi ni mimi.

"Na huyu bibi yupo kweli?"

"Yupo. Anauza vitumbua Bagamoyo, ukishuka stendi unauliza, hakuna asiyemjua."

Akashukuru, akakunja karatasi zake vizuri, akaziweka kwenye bahasha. Bahasha nilimpa bure.

Alhamisi, 1 Mei

Bi Dija hakuja. Mvua kubwa, barabara ya ndani imekatika. Mama alivalishwa kanga mpya tangu saa nne.

Jumapili, 4 Mei

Farhan alikuja dukani. Mimi na yeye ni mabinamu pia, na tangu tukiwa watoto haniiti Wahida, ananiita mke wangu. Anaingia anasema, "Mke wangu, umepika nini?" Leo alisimama mlangoni.

Yule mtu wa viatu vya tope ndiye mtu wa Mbezi. Alinunua kile kiwanja cha mkorosho, hajajenga, na hakuwa na wasiwasi wowote mpaka mtoto wake alipomtumia kichekesho. Akajitambua. Mapinga, mkorosho, mtu wa Mbezi, nani mwingine? Akaenda kwa Farhan na zile karatasi mbili kutaka kujua huyo mnunuzi mwingine ni nani. Farhan hajui lolote, baba yake hakumwambia. Akamwambia ni utani tu wa msibani. Mtu wa Mbezi akasema utani gani huo una kipimo cha kiwanja, akapeleka malalamiko kwa mwenyekiti.

"Wamemwita Bi Dija awe shahidi," Farhan akasema. "Jumamosi."

Nilitaka kumwambia kuhusu mikataba. Mkataba wa pili uko kwenye kompyuta, niliketi nao mgongoni wakati anaongea. Badala yake nikamwambia pole.

"Nilicheka siku ile," akasema. "Nilicheka kwa sababu tulikuwa nyumbani."

Alhamisi, 8 Mei

Hakuja. Mama ameniuliza mara sita. Mara ya sita nikamjibu vibaya, akageukia ukutani. Nikamletea ile karatasi ya mazoezi, nikapuliza mashavu mbele yake kama mjinga. Hakunitazama.

Jumamosi, 10 Mei

Nimerudi sasa hivi kutoka Mapinga, niandike.

Kikao kilikuwa kwenye banda la nje la ofisi, mabenchi matatu, watu wamesimama mpaka barabarani maana wote walisoma. Niliwasikia nyuma yangu wanakumbushana maneno, "sogeza goti, mama," wanacheka. Bi Dija alikuja peke yake, kavaa buibui lake la sikukuu. Alipopita kijana mmoja akaita, "Bibi, nipimie na mimi." Sijawahi kumwona Dija akikosa jibu. Alipita.

Mwenyekiti ni mtu mpole. Alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akampa kiti. Mtu wa Mbezi akazisoma karatasi, sauti kavu, neno baada ya neno. Maneno yaleyale yaliyowaangusha watu uani, yaliyomfanya Farhan alie, kwa sauti ile yalikuwa maelezo ya polisi. Watu wakaacha kucheka.

"Uliyasema haya, bibi?"

"Niliyasema. Nilikuwa natania."

"Mimi sikatai utani," mtu wa Mbezi akasema. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonikera, kwamba hakuwa mtu mbaya. "Nauliza jambo moja. Marehemu aliuza kiwanja changu mara mbili, au wewe ulimzulia?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimemfanya nini. Akisema ni kweli, anamtoa binamu yake kaburini na kumkabidhi Farhan kwa watu wa mahakama. Akisema si kweli, basi yeye, aliyeitwa kwenye misiba ya pwani nzima kwa miaka hamsini kwa sababu hasemi la uongo juu ya maiti, ni mzushi wa maiti. Mtani anaruhusiwa kila kitu isipokuwa hicho. Akajua, nami nikajua, na Farhan aliyekaa kando yake akajua.

Dija akamtazama Farhan. Farhan aliinamisha kichwa.

"Nilizua," akasema.

"Hukusikia popote?"

"Sikusikia. Nilitaka watu wacheke. Nimemzulia marehemu, namwomba radhi mbele yenu, nawaomba radhi wanawe." Akasimama kwa shida, akashika mikono ya Farhan miwili, akainama. Bibi wa miaka sitini na tisa. Farhan akawa anamzuia asiiname, hawezi.

Mwenyekiti akanigeukia. Je, mimi mwandishi nina la kuongeza? Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na la kuongeza. Nilikuwa na tarehe, majina ya mashahidi na saini. Nikasema, "Sina."

Kikao kikafungwa. Mtu wa Mbezi akaambiwa akipata mnunuzi wa pili au karatasi yoyote arudi. Nje nilimwita Bi Dija. Alikuwa ameshapanda bodaboda.

Jumapili, 11 Mei

Nimekifuta kichekesho. Mikdad alipiga simu anapumua kama aliyekimbia. "Dada Wahida, ndicho kilichotubeba. Watu elfu thelathini na moja." Nikamwambia afute na jina. Akanikumbusha kwamba maoni ya wasomaji ndiyo yaliyotaka jina liwe juu. Amesema kweli. Wasomaji walitoa maoni mazuri, na kila oni tulilifanyia kazi, isipokuwa moja, namba kumi na nne.

Kukifuta hakukusaidia kitu. Kimo kwenye simu zote.

Alhamisi, 15 Mei

Hakuja.

Jumanne, 20 Mei

Nimeshindwa kulala na ule mkataba. Nimeuchapisha, nikampelekea Farhan nyumbani kwake, nikamwambia wewe ndiye mrithi, wewe ndiye ujue la kumfanyia yule mtu. Akausoma wote amesimama. Niliona anafika kwenye tarehe, kisha chini kabisa, mahali palipoandikwa steshenari yangu.

"Ulikuwa nao siku ile."

"Nilikuwa nao."

"Na Bi Dija akaniinamia."

Akaukunja, akasema atamtafuta mtu wa Mbezi, atampa kipande cha kwake cha juu. Kisha akasema, "Ahsante, dada Wahida." Nimerudi mpaka Zinga na neno hilo, dada. Ni neno zuri, watu huitana hivyo kila siku.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda Bagamoyo baada ya sala. Nilijiandaa kutukanwa, nilikuwa natamani kutukanwa. Bi Dija alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanimiminia chai. Akauliza biashara ikoje. Nikaomba radhi, nikaanza kulia, akanipa kitambaa. "Sina neno na wewe, mwanangu."

Jirani yake mlango wa tatu amefiwa wiki iliyopita, na marehemu alikuwa mtani wake kabisa. Wenye msiba walimtuma mtoto aje amwambie asijisumbue, mvua nyingi. Mlango wa tatu. Aliniambia hivyo bila kulalamika, anapepeta mchele.

Nikamwambia Farhan sasa anajua ukweli, na nitausema kwa kila mtu, kwamba yeye hakuzua. Akaacha kupepeta. "Usiende kusema. Nimeshaomba radhi. Nikiitengua na hiyo nitakuwa mtu gani?"

Nikamwomba aje kwa mama, kwa ajili ya Mungu, Alhamisi moja tu.

"Nitakuja kumwona mgonjwa," akasema.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuja. Mama hataki kanga mpya tena.

Alhamisi, 5 Juni

Amekuja.

Nilisikia hodi nikadhani ni mteja kanifuata nyumbani. Alisimama nje mpaka nikasema karibu. Akavua viatu, akaingia ameshika mfuko wa machungwa, akakaa kwenye kiti, si kitandani. Mama alikuwa amelala. Alipofungua macho akamwona, shavu lile likaanza kutikisika lenyewe, kabla neno halijasemwa.

"Assalaam alaykum, Bi Mwanabaraka," Dija akasema. "Hali yako unaionaje? Tunamwomba Mwenyezi Mungu akupe shifaa."

Mama akasubiri. Alidhani ni mwanzo wa jambo. Nami pia, nilishika ukingo wa mlango nikasubiri. Dija akatoa chungwa moja, akauliza kama ana ruhusa ya kula matunda.

"Meno umeyaacha wapi?" mama akamchokoza. Ilimchukua muda kulitoa.

"Ndiyo umri, dada yangu. Sote tunaelekea huko."

"Nimekupa mtu kitanda changu?" Alikosea maneno, akajaribu tena. "Umempa mtu kitanda changu?"

"Astaghafirullah. Kitanda ni chako, na utakilalia kwa afya." Akamshika mkono ule uliolala, akawa anaupapasa polepole, jinsi watu wanavyowapapasa wagonjwa.

Mama akautazama mkono wake ndani ya mikono ya Dija. Shavu lilikuwa limeshatulia. Akaniita nisogee, nikasogea mpaka nikainama.

"Daktari kakwambia nini?"

"Hajasema kitu, mama. Unaendelea vizuri."

"Dija anajua." Akamgeukia. Sijawahi kumwona mama na uso ule, hata siku alipoanguka. "Dija, miaka sitini hujawahi kunionea huruma. Nimebakiza siku ngapi?"

Dija alifungua mdomo. Nilimwomba kwa macho, niliomba tusi lolote, la mdomo, la kitanda, la udenda. Aliniona. Kisha akaangalia mlangoni, kama mtu anayechungulia nani anasikia, akaufunga mdomo, akaendelea kuupapasa ule mkono.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua zimekwisha. Kesho ni Idd ya kuchinja, Zinga nzima inanuka mbuzi.

Mikdad ameandika. Anataka kubadilisha rangi, anaomba maoni yangu kati ya bluu mbili.

Mama hakula jana usiku wala leo asubuhi. Ameniagiza nifungue sanduku nitoe sanda aliyoletewa kutoka Makka, niianike ipate hewa kabla haijahitajika. Nimemwambia hafi. Nimemwambia kwa mara ya tatu, nimemwapia. Akaniuliza, kama hafi, mbona Dija hakumcheka. Nimeitoa, nimeianika uani kwenye kamba, kwenye jua.